Safari ya kifahari Virunga: mgeni alipangiwa, jirani akasahauliwa

Familia ya Ulaya au Marekani inayotaka kuja kuona wanyama wa Afrika huanza kujipanga miezi mingi kabla ya kupanda ndege. Baba na mama huulizana: mvua hupungua mwezi gani, watoto wana umri gani, kulala usiku mmoja ni dola ngapi, hospitali iko mbali kiasi gani? Ni maswali ya haki kwa mzazi yeyote. Kwa familia nyingi za Rutshuru, Nyiragongo na Masisi, neno safari lina sura nyingine: godoro kichwani, mtoto mgongoni, na hakuna aliyepanga siku ya kuondoka wala ya kurudi. Safari hizi mbili zimepita katika barabara moja kwa muda mrefu. Parke ya Virunga, iliyotimiza miaka 100 tarehe 21 Aprili 2025, ndiyo yenye historia hiyo.

Kabla hata ya parke kuwepo, familia moja ya Marekani ilikwisha kufika. Mwaka wa 1921, Carl Akeley, mtaalamu wa kuhifadhi maiti za wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, alikuja kutafuta gorila katika milima ya Mikeno na Karisimbi. Alifuatana na Herbert Bradley, mke wake Mary, na binti yao Alice aliyekuwa na miaka 6. Walipitia Afrika Kusini, Katanga na ziwa Tanganyika hadi Kivu. Mizigo yao ilibebwa na wapagazi: mahema, vyakula, bunduki, na vifaa vya kuchunia ngozi. Gorila watano waliuawa, na ngozi zao zikapelekwa New York, ambako watu wanaziangalia mpaka leo. Mama yake Alice aliandika vitabu kuhusu safari hizo, na jina la mtoto likajulikana. Majina ya wapagazi wengi waliopanda mlima na mzigo kichwani hayakupewa nafasi kama hiyo.

Akeley mwenyewe aliondoka Mikeno na wasiwasi. Aliona kwamba wawindaji wakiendelea kuja, gorila watakwisha. Akaanza kuomba wakubwa wa Ubelgiji wawalinde. Mfalme Albert wa Kwanza alikuwa ametembelea mbuga za Marekani mwaka wa 1919, na wazo hilo halikuwa geni kwake. Tarehe 21 Aprili 1925 alitia sahihi amri ya kuunda parke iliyopewa jina lake, parke ya kwanza ya taifa katika Afrika. Mwaka uliofuata Akeley alirudi, akaugua, akafa Novemba 1926 kwenye mteremko wa Mikeno. Alizikwa pale Kabara, ndani ya parke.

Mwanzoni parke ilikuwa ndogo, ikizunguka volkano tu. Mwaka wa 1929, na tena katikati ya miaka ya 1930, mipaka ilisogezwa kaskazini mpaka ikashika uwanda wa Rwindi, sehemu ya ziwa Edouard, bonde la Semliki na milima ya Ruwenzori. Leo parke ina takriban kilomita za mraba 7,800. Ndani ya mipaka hiyo ilikatazwa kulima, kuwinda, kukata kuni na kujenga. Lakini ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa ya wami na koo zao, ilikuwa na mashamba, malisho na vijiji vya wavuvi. Wengine waliondolewa kwa amri ya parke, wengine kwa sababu ya ugonjwa wa malale uliokuwa ukiua watu kando ya ziwa na Semliki. Ugonjwa ulipopungua, milango ilikuwa imefungwa. Madai ya ardhi yanayosikika hadi leo Rutshuru, Lubero na Beni yana mizizi katika miaka ile.

Kisha wageni wakaanza kupokelewa. Kambi ya Rwindi ikawa mahali pa kulala, kilomita zipatazo 130 kutoka Goma. Mgeni alifika kwa gari kupitia Rutshuru, akaona tembo, nyati na simba asubuhi, akapanda barabara ya Kabasha kuutazama uwanda wote kutoka juu. Wakati wa ukoloni, mgeni huyo alikuwa Mzungu. Mkongo aliyekuwepo alikuwa mpishi, dereva, mfua nguo au gardi.

Baada ya uhuru, serikali ya Mobutu iliitaka parke iwe sifa ya nchi. Mwaka wa 1969 ilipewa jina la Virunga, na mwaka wa 1979 UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia. Katika miaka ya 1970 ziwa Edouard na mito yake ilikuwa na viboko karibu 30,000, kundi kubwa kuliko mengi duniani. Wavuvi wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge wanajua faida yake: kinyesi cha kiboko kinalisha maji, na maji yenye chakula yanalisha samaki. Katika miaka ya 1980, gorila wa Djomba walizoezwa kuona watu bila kukimbia, na wageni wakaanza kupanda kwa miguu kuwaangalia. Safari ya bunduki ikawa safari ya picha.

Mwaka wa 1994 kila kitu kilibadilika. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa siku chache, wakapewa kambi Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, kwenye ukingo wa parke. Mtu hawezi kula maharagi mabichi. Kuni zilitoka msituni, kila siku, kwa miaka miwili. Mwaka huo huo UNESCO iliandika Virunga kati ya urithi ulio hatarini. Vita vya 1996 na 1998 vilifuata. Askari na makundi ya silaha walikula nyama ya viboko na kuiuza. Ilipofika 2005, viboko waliobaki hawakufika 1,000. Julai 2007, gorila wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, si kwa ajili ya nyama. Biashara ya makaa ilikuwa imeshika msitu, na gorila walikuwa wakiwazuia wenye biashara hiyo. Tangu mwanzo wa parke, magardi zaidi ya 200 wamepoteza maisha kazini. Wengi wao ni watoto wa vijiji hivi hivi, na wajane wao wanaishi kati yetu.

Katika miaka ya 2010 anasa ilirudi. Huko Rumangabo zilijengwa nyumba za mawe zenye paa la nyasi na mahali pa kuota moto, zikaitwa Mikeno Lodge. Bukima ikapata mahema ya kifahari chini ya mlima. Kisiwa cha Tchegera, katika ziwa hilo hilo linaloonekana kutoka Bulengo, kikawekewa vitanda vya wageni. Baada ya vita vya M23 vya 2012 na 2013, watalii walirudi 2014. Kibali cha kuona gorila kiliuzwa dola 400, wakati Rwanda ilipandisha chake hadi dola 1,500 mwaka wa 2017. Yaani watu wazima wanne wakivuka mpaka, wanalipa dola 6,000 ili kukaa saa moja na gorila. Kongo wangelipa 1,600. Watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi, kwa sababu ugonjwa mdogo wa mtoto, kama mafua, unaweza kuua gorila. Kwa kanuni hiyo, Alice wa 1921 angebaki hotelini.

Wakuu wa parke waliahidi asilimia 30 ya mapato ya utalii kwa jamii zinazoizunguka. Umeme wa mto Rutshuru ulianza kutoka Matebe mwishoni mwa 2015, na vinu vya kusaga vikaanza kunguruma Rutshuru na Kiwanja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kuona kitu cha parke kikiingia nyumbani. Lakini mkulima asiyeweza kulipia umeme, na ambaye tembo amekula muhogo wake, aliendelea kuuliza parke ni ya nani. Swali lisilojibiwa ni rahisi kutumiwa na mwenye silaha. Mei 2018 gardi mmoja aliuawa na watalii wawili Waingereza wakatekwa. Parke ikafunga utalii mpaka Februari 2019. Mwaka wa 2020 Korona ikafunga tena. M23 ilirudi mwishoni mwa 2021, na mwaka wa 2022 ikashika Rumangabo.

Ukitaja vituo vya safari ya mgeni, unataja pia vituo vya mkimbizi. Kibati ndipo watalii waliponza kupanda Nyiragongo. Mwaka wa 2008 Kibati ilikuwa kambi ya waliokimbia vita. Magari ya watalii yaliyoelekea Rumangabo yalipita Kanyaruchinya, ambako familia za Rutshuru zililala chini ya mahema tangu 2022. M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kambi zilivunjwa katika wiki zilizofuata, na watu wakaambiwa warudi vijijini. Wengi walikuta nyumba bila mabati, wengine hawakukuta nyumba.

Siku moja wageni watarudi, kwa sababu gorila bado wapo na Nyiragongo bado inatoa moshi. Tangu 1925, kila utawala umejua kumuuliza mgeni anataka nini: kitanda, ulinzi, maji ya moto, dereva anayejua njia. Jirani wa parke hakuulizwa, au aliulizwa akiwa amechelewa. Na kila mara jirani alipokosa shamba na usalama, kitanda cha mgeni nacho kilipoa. Kwa hiyo familia zilizo makwao na zile ambazo hazijarudi zina haki ya kuweka maswali yao kabla ya bei mpya kutangazwa: mpaka uko wapi kwenye karatasi, asilimia 30 inahesabiwa na nani na kusomwa wapi hadharani, nani analipa muhogo ulioliwa na tembo, na kuni za kupikia zitatoka wapi kama si msituni. Wami, vyama vya wavuvi, wakulima na shirika la raia wanaweza kuanza kuyaandika sasa, wakati hoteli bado ni tupu.