Fundi, Mwalimu na Mkufunzi: Tatizo la Kulinganisha Elimu ya Walimu wa Ufundi

Mwaka 1900, huko Guildford, Michael Sadler, mtaalamu wa elimu wa Uingereza, aliwaonya wasikilizaji wake wasidhani kuwa vipande vya mfumo wa elimu wa taifa moja vyaweza kuchumwa na kupandikizwa kwingine vikastawi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba onyo hilo lina uzito zaidi katika elimu ya walimu wa ufundi, kwani huyo aitwaye mwalimu si mtu yule yule kila nchi.

Tuchukue mfano wa Ujerumani na Kenya. Katika Ujerumani ya Magharibi, sheria ya mafunzo ya kazi ya 1969 iliipa nguvu desturi ya kale ambayo kwayo kijana hujifunza kazi mahali pawili: karakanani na shuleni. Kwa hiyo ana walimu wawili. Wa karakanani ni fundi mzoefu, ambaye kanuni ya 1972 ilimtaka athibitishe kuwa anajua pia kufundisha. Wa shuleni ni mhitimu wa chuo kikuu.

Kenya ilipitia njia nyingine. Serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha ufundi Kabete mwaka 1924. Mwishoni mwa miaka ya 1970, chuo cha walimu wa ufundi kilianzishwa Nairobi kwa msaada wa Kanada. Mwalimu wa chuo cha ufundi alitarajiwa kubeba peke yake mizigo yote miwili, nadharia na vitendo. Wakati huo huo, fundi wa jua kali aliendelea kuwafunza vijana bila cheti chochote cha ualimu.

Sasa mtafiti akiuliza ni walimu wangapi wa ufundi wenye shahada, atamhesabu nani? Akiwahesabu Wajerumani wa shuleni pekee, Kenya itaonekana duni. Akiwajumlisha mafundi wa karakanani, sura itabadilika. Na akimwacha fundi wa jua kali, atakuwa amemfuta mwalimu wa vijana wengi. Kosa haliko katika hesabu bali katika jina. UNESCO ilitoa pendekezo juu ya elimu ya ufundi mwaka 1962, ikalipitia upya 1974, 2001 na 2015; hata hivyo, istilahi ya pamoja haileti kazi ya pamoja.

Kiswahili chatupa funzo hapa. Fundi, kufundisha na mkufunzi ni maneno ya ukoo mmoja: lugha haikumtenga ajuaye kazi na aifundishaye. Waliowatenga ni watunga vyeti.

Hili si suala la maneno matupu. Ulinganisho uliokosewa huzaa ushauri uliokosewa, na gharama yake hulipwa na mwanafunzi. Basi, kabla ya kulinganisha vyeti, yafaa tuulize kwanza: ni nani amfundishaye kijana kazi, wapi, naye alifundishwa na nani?