Nani Ataishi na Nani? Kutoka Tangi la Kioo Hadi Ziwa Viktoria

Mimi ni mzaliwa wa Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua. Kwetu bahari ni kitu cha kusimuliwa tu. Ndiyo maana nilishangaa likizo iliyopita, nilipofanya kazi ya usafi katika nyumba moja ya wageni mjini Kampala, kukuta tangi dogo la kioo lenye maji ya chumvi pale mapokezi. Lilikuwa la lita mia moja hivi, na ndani yake walikuwamo samaki wawili tu, wadogo, wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Niliona huo ni ubahili. Nikamwuliza mzee aliyelitunza, "Mzee, mbona huongezi wengine? Nafasi si ipo?"

Alinieleza kwamba watoto wa wageni humwomba kila mara amlete yule samaki wa buluu waliyemwona katika filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Samaki huyo huuzwa akiwa mdogo kama kidole, lakini akikua huweza kufikia sentimita 30. "Mwanangu," akasema, "usimchague samaki kwa umbo alilonalo leo." Kisha akanitajia maswali matatu. Atafikia ukubwa gani? Anakula nini? Ataelewana na nani aliyemo tayari? Asiyeweza kuyajibu yote matatu, alisema, asimtie samaki majini.

Maswali hayo yalinikumbusha beseni letu la nyumbani. Nilipokuwa na miaka tisa, tulivua samaki wadogo katika mto Enyau tukawafuga humo. Siku moja nikawaongezea kambale mchanga, kwa kuwa alikuwa na ndevu za kuchekesha. Baada ya wiki moja kambale alikuwa amenenepa na amebaki peke yake. Mama alicheka, akasema, "Umemlaza mgeni chumba kimoja na chakula chake."

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba kosa langu la beseni liliwahi kufanywa na watu wazima wenye ofisi, katika ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, na kwamba samaki waliyemtumia alitoka upande wetu.

Ufugaji wa viumbe wa bahari ndani ya kioo ulishika kasi Uingereza katikati ya karne ya 19. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa ajili ya umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akachapisha kitabu The Aquarium, kilichowafundisha watu wa kawaida namna ya kutunza mimea na wanyama wa bahari nyumbani. Waliojaribu walijifunza upesi kwamba maji yaliyofungwa yana mpaka, na kila kinachoingia humo hubadilisha maisha ya vilivyomo.

Miaka mia moja baadaye, mwaka 1954, Uganda ilikuwa chini ya Waingereza. Ziwa Albert, ambalo watu wa Arua hulijua kwa samaki aina ya angara, lilikuwa pia makazi ya sangara. Sangara huyo hakuwamo katika Ziwa Viktoria. Maporomoko ya Murchison, ambapo Nile huanguka kiasi cha mita 43, yalimzuia kupanda juu. Yalikuwa kama kioo kinachotenga matangi mawili.

Ziwa Viktoria lenyewe lilikuwa na shida yake. Nyavu za kisasa, zilizoingia mwaka 1905, zilikuwa zimewapunguza sana ngege, samaki waliopendwa na walaji. Waliobaki kwa wingi ni furu, ambao Waganda huwaita nkejje: samaki wadogo wenye miiba, wa aina zaidi ya 500. Baadhi ya maofisa wa uvuvi waliwaona furu kuwa takataka, wakapendekeza aletwe samaki mkubwa atakayewala furu na kuwageuza kuwa minofu. Katika kituo cha utafiti wa uvuvi kilichoanzishwa Jinja mwaka 1947, walikuwapo wataalamu waliosita. Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kupinga mpango huo. Lakini sangara alikuwa ameshatiwa ziwani kimyakimya tangu 1954, na mwaka 1962 na 1963 akaongezwa rasmi.

Tuyarudie maswali ya yule mzee. Ukubwa? Sangara hukaribia mita mbili na kilo 200. Chakula? Hula samaki wenzake, hata watoto wa jamii yake. Aliomo tayari? Furu, ambao hawakuwa wamezoea mwindaji wa namna hiyo. Majibu yote matatu yalijulikana. Kilichoonekana na waliotaka mpango huo ni minofu.

Matokeo yalichelewa, kisha yakaja kwa pamoja. Katika miaka ya 1980 sangara alijaa ziwani, na aina za furu zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka au zikawa adimu mno. Furu walikuwa wakianikwa juani tu, lakini sangara ana mafuta mengi, hivyo wanawake waliomkausha walihitaji kuni za kumbanika. Viwanda vya minofu vilijengwa Jinja, Mwanza na Kisumu. Baadhi ya furu leo wanahifadhiwa katika matangi ya vioo Ulaya na Marekani.

Hata hivyo siwezi kumwita sangara laana. Mjomba wangu alimvua kwa miaka mingi huko visiwa vya Ssese, na fedha hizo ndizo zilizonilipia karo ya sekondari. Ninaandika insha hii kwa sababu ya samaki ninayemlaumu. Wapo watu wengi wa Afrika Mashariki ambao wangesema hivyo hivyo.

Ndiyo maana nadhani swali la kama sangara ni mzuri au mbaya halitufikishi mbali. Katika Ziwa Albert ameishi na angara tangu zamani, na wote wawili wamefika sokoni Arua. Samaki huyo huyo, katika maji mengine, alifagia mamia ya wenzake. Kufaa hakumo ndani ya samaki peke yake. Kumo katika maji anayotiwa na majirani anaowakuta.

Tena, mzee wa Kampala akikosea, atachukua kijiavu na kumtoa samaki siku hiyo hiyo. Ziwani hakuna kijiavu cha namna hiyo. Kwa hiyo, kadiri maji yanavyokuwa makubwa, ndivyo maswali yanavyopaswa kuulizwa mapema zaidi. Mimi ningeongeza la nne: nani anachagua? Katika mabishano ya miaka ile, niliyoyasoma, nimesikia maofisa na watafiti wakijibizana. Mvuvi na mama mwuza samaki sikuwasikia, ingawa wao ndio wangeishi na jibu.

Siku yangu ya mwisho kazini nilipita tena pale mapokezi. Walikuwa wawili vilevile. Safari hii sikumwambia mzee aongeze.