AEM-7: kuondolewa kazini kwa vichwa vya umeme vya Amtrak

AEM-7 ni aina ya kichwa cha treni ya umeme kilichokokota mabehewa ya shirika la reli la abiria la Amtrak, kaskazini mashariki mwa Marekani, kuanzia 1980 hadi 2016. Vilitengenezwa 65: Amtrak ilichukua 54, na vilivyobaki vikaenda kwa mashirika ya treni za abiria ya SEPTA ya Pennsylvania na MARC ya Maryland.

Amtrak ilivihitaji kwa haraka. Vichwa vya GG1 ilivyovirithi vilikuwa vya miaka ya 1930 na 1940, na E60 iliyonunuliwa kushika nafasi yao iliyumba kwenye mwendo mkubwa hadi ikawekewa kikomo. Mwaka 1976 kikaletwa kwa majaribio kichwa kimoja cha Rc4 kutoka Uswidi, nacho kikafaulu vizuri. Kampuni ya EMD ikakiunda upya kwa leseni ya ASEA, kampuni ya Uswidi, na matokeo yake yakawa AEM-7: kifupi, chenye kona kali, uzito wa tani 90 hivi, lakini nguvu za farasi 7,000 na mwendo wa hadi kilomita 201 kwa saa. Wapenzi wa reli walikibandika jina la tosta, na ukikitazama kwa ubavu huwezi kuwalaumu.

Kilichokichosha ni kazi. Amtrak ilipoanza kuviondoa, vichwa hivi vilikuwa na umri wa miaka 25 hadi 35, na kwa wastani kila kimoja kilikuwa kimekwenda maili milioni 3.5, sawa na kilomita milioni 5.6. Mota zake za awali zilitumia mkondo mnyoofu, yaani zilikuwa na brashi za kaboni zinazolika kila siku na kumlazimu fundi kuzikagua na kuzibadilisha. Kati ya 1999 na 2002, vichwa 29 vilifumuliwa na kuwekewa mota za mkondo geu zisizo na brashi. Matengenezo hayo yaliviongezea maisha, ingawa mwili ulibaki ule ule.

Hata hivyo, umri peke yake hauelezi mambo yote. HHP-8, vichwa 15 vilivyoingia kazini karibu na mwaka 2000 vikiwa na nguvu zaidi, vilikuwa wasumbufu wa karakana, na Amtrak ikavipumzisha kabla ya AEM-7 za mwisho. Vijana walitangulia kutoka, wazee wakabaki kuvuta. Kwa shirika la reli, kichwa kinachoamka kila asubuhi kina thamani kuliko kichwa kipya kinachosubiri spea.

Mrithi wa aina zote mbili ni ACS-64 ya Siemens. Mkataba wa vichwa 70, wenye thamani ya dola milioni 466, ulitiwa saini 2010; viliundwa Sacramento, California, na cha kwanza kikabeba abiria Februari 2014. Tofauti kubwa imo kwenye breki: AEM-7 iliugeuza umeme wa kufungia breki kuwa joto lililopotelea hewani, ilhali ACS-64 huurudisha kwenye nyaya ukatumiwa na treni nyingine.

Safari ya kuaga ilifanyika Juni 18, 2016, kati ya Washington na Philadelphia, ikivutwa na namba 942 na 946. SEPTA iliendelea na vyake hadi 2018. Namba 915 imehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Strasburg, Pennsylvania. Mwaka 2018, shirika la Caltrain la California lilikubali kununua viwili vilivyotumika, vya kupimia nyaya zake mpya za umeme. Treni zilizoanza kubeba abiria chini ya nyaya hizo mwaka 2024 ni za Stadler, zenye mota ndani ya mabehewa yenyewe. Hazina kichwa cha kukokota.