Farasi na Mbung'o: Bahati ya Wapanda Farasi katika Vita vya 1914–1918

Kwa karne nyingi mataifa ya Ulaya yalipima nguvu ya jeshi kwa wingi wa farasi wake. Katika zama za Napoleon jeshi lilikuwa na viungo vitatu: askari wa miguu, mizinga, na wapanda farasi, na kila kiungo kilikuwa na kazi yake. Mizinga ilivunja safu za adui, askari wa miguu wakashika ardhi, na wapanda farasi wakangoja saa ya kuamua. Saa hiyo ilipowadia walishuka kwa kishindo, wakapita katika ufa uliofunguliwa, wakawafukuza walioshindwa wasipate nafasi ya kujipanga tena. Katika vita vya Eylau, tarehe 8 Februari 1807, Murat aliongoza wapanda farasi wapata 10,000 katika theluji, akaliokoa jeshi la Wafaransa lililokuwa karibu kuvunjika. Lakini huko Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, Ney aliwatuma wapanda farasi mara kwa mara juu ya askari wa miguu wa Kiingereza waliojipanga kwa miraba, kila ubavu ukiwa ukuta wa singe, na miraba ile haikuvunjika. Mafunzo mawili yalipatikana: farasi ni hodari kwa adui aliyetikisika, na ni dhaifu kwa adui aliyesimama imara.

Mafunzo hayo yaliingia hata katika michezo. Katika mwaka 1824 Reisswitz, ofisa wa Prussia, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani kwa vipande vidogo na dadu, na jeshi la nchi yake likautumia kuwafundishia maofisa. Katika mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alichapa kitabu cha mchezo wa askari wadogo wa risasi, wanaopangwa sakafuni. Kwa kanuni zake askari wa miguu huenda futi moja kwa zamu, na mpanda farasi futi mbili. Hesabu hiyo ni nyepesi, nayo yaonyesha imani ya watu wa wakati ule: mwenye farasi ana mbio mara mbili ya asiye naye. Mwaka uliofuata vita vilizuka, vikafika Afrika ya Mashariki, na hapo hesabu ya sakafuni ikapimwa juu ya ardhi.

Katika Agosti 1914 walowezi wa Kenya ya leo walikusanyika Nairobi, wengi wao wakiwa na farasi na baghala wao wenyewe, wakaunda kikosi kilichoitwa East African Mounted Rifles. Hawakuwa wapanda farasi wa namna ya Murat. Hawakukusudia kumrukia adui kwa upanga. Farasi alikuwa chombo cha safari, na bunduki ndiyo iliyokuwa chombo cha vita. Mtu alipanda hata karibu na adui, akashuka, akapigana kwa miguu. Tarehe 3 Novemba 1914 kikosi hicho kilishiriki katika shambulio la mlima Longido, karibu na mpaka. Wajerumani na askari wao walikuwa juu katika mawe na vichaka, mahali ambapo mbio za farasi hazina maana. Shambulio lilishindwa, na washambulizi wakarudi nyuma.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi likilinganishwa na habari za Bukoba. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 jeshi la Kiingereza lililoongozwa na Brigedia Jenerali J. M. Stewart lilitoka Kisumu kwa meli, likashuka pwani ya kaskazini ya Bukoba, kwa nia ya kuharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Nchi ile haikuumbwa kwa ajili ya farasi. Toka ufukoni mwa Ziwa Viktoria hata pande za Ijuganyondo na vitongoji vingine vilivyomo leo katika manispaa ya Bukoba, ardhi ni vilima na mabonde, penye majimaji na mawe, na makazi ya Wahaya yamezungukwa na vibanja vya migomba. Ndani ya kibanja mpiga bunduki hufichika kwa hatua chache, na mpanda farasi haoni mbele wala hapati njia ya kukimbia. Stewart alipigana kwa askari wa miguu na mizinga midogo ya milimani. Ziwa ndilo lililompa mbio. Meli zilifanya kazi ambayo vitabu vya vita viliwapa farasi: ziliwafikisha watu ubavuni mwa adui kabla hajajiweka tayari. Kwa siku mbili mji ulitwaliwa, mnara wa simu ukaangushwa, na jeshi likarudi melini.

Stewart huyo huyo alipewa kazi nyingine katika Machi 1916. Jenerali Smuts, aliyekuwa amefika kutoka Afrika ya Kusini kushika uongozi, alitaka kuwazunguka Wajerumani katika nchi ya Kilimanjaro. Van Deventer, pamoja na wapanda farasi wa Afrika ya Kusini, alipita ubavu wa mashariki kuelekea Taveta. Stewart akatoka Longido, akazunguka upande wa magharibi wa mlima ili aifunge njia ya nyuma. Katika ramani mpango ulikuwa mzuri, nao wafanana na michoro ya Napoleon. Wapanda farasi wa Van Deventer walitimiza sehemu yao: Wajerumani waliacha ngome ya Salaita bila ya kungoja kuzungukwa, ilhali mwezi uliotangulia askari wa miguu walioishambulia kwa mbele walirudishwa nyuma. Lakini Stewart alikawia, na Wajerumani wakapita kwenda kusini. Smuts alimlaumu, na Stewart akaondoka katika vita hivyo. Mtu aliyeshinda Bukoba kwa meli na miguu alishindwa kupata wepesi alioagizwa katika pori lisilo na njia.

Baada ya hapo ilikuja safari iliyokuwa kilele cha wapanda farasi, na pia mwanzo wa mwisho wao. Mwanzoni mwa Aprili 1916 Van Deventer alitoka Arusha kwenda kusini. Alikizunguka kilima cha Lolkisale, palipokuwa na maji ya pekee ya sehemu zile, na baada ya mapigano ya siku mbili walinzi wake, zaidi ya watu 400, wakasalimu amri. Kisha akaendelea hata Kondoa Irangi, umbali wa zaidi ya kilomita 200 toka Arusha, akaitwaa tarehe 19 Aprili. Kwa mbio hizo aliingia katikati ya nchi kabla ya Wajerumani kukusanya nguvu zao. Kwa kanuni za mchezo alikwisha kushinda. Lakini masika yalikuwa yamefunguka, njia zimegeuka matope, na farasi walikufa njia nzima. Walioingia Kondoa walikuwa takriban nusu tu ya wapanda farasi walioanza safari. Jeshi likakwama pale, likila chakula kilicholetwa na wapagazi, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei lilishambuliwa na Lettow-Vorbeck. Shambulio hilo lilirudishwa nyuma. Lakini waliolirudisha walikuwa watu waliolala katika mahandaki na bunduki zao, kama askari wowote wa miguu.

Maadui waliowaua farasi hao hawakuwa na bunduki. Wa kwanza ni mbung'o. Katika miaka ya 1890 David Bruce alikwisha kuonyesha, katika nchi ya Wazulu, ya kuwa mbung'o huchukua vijidudu vya nagana na kuvitia katika damu ya mnyama. Wa pili ni maradhi ya farasi yaletwayo na visubi, ambayo huzidi nyakati za mvua. Elimu ilikuwako, na amri za kuvamia zikatolewa vivyo hivyo. Katika sehemu nyingi farasi aliyefikishwa kwa gharama kutoka ng'ambo aliishi wiki chache tu. Napoleon naye alipoteza farasi kwa maelfu katika Urusi mwaka 1812, wengi kabla ya theluji kuanguka, kwa njaa na mvua na majani mabichi. Kwa hiyo somo halikuwa geni.

Farasi walipokwisha, mzigo ulipata bega jingine. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kuwa milioni moja katika vita vile, wengi wao kwa kulazimishwa. Waliobeba unga na risasi za jeshi walikufa kwa njaa, kuhara, homa na uchovu, na makadirio ya vifo vyao hupita 90,000. Wajerumani nao waliwatumia wapagazi, wake kwa waume, ambao idadi ya vifo vyao haikuwekwa kwa uangalifu. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam latokana na kikosi cha wapagazi, nalo ni kumbukumbu itamkwayo kila siku na watu wasioikumbuka. Katika vitabu vingi vya vita Van Deventer ana sura yake na farasi wana hesabu yao. Mpagazi ana mstari mmoja.

Hata majeshi yalibadilika kwa sababu hiyo. Wazungu wengi wa Afrika ya Kusini, waliodhoofishwa na malaria, walirudishwa kwao kuanzia mwisho wa 1916. Van Deventer aliporudi kushika uongozi wote mwaka 1917, yeye aliyepata sifa juu ya farasi alipigana kwa kutegemea askari wa miguu wa Kiafrika. King's African Rifles iliongezwa hata ikawa na vikosi 22. Lettow-Vorbeck, ambaye tangu mwanzo alitegemea askari wa miguu na wapagazi, alisalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, baada ya mapatano ya Ulaya kutiwa sahihi.

Basi haifai kusema ya kwamba wapanda farasi hawakuwa na faida katika Afrika ya Mashariki. Salaita, Lolkisale na Kondoa zashuhudia ya kuwa mbio zao ziliwaondoa adui mahali ambapo shambulio la mbele lingegharimu maisha mengi. Lakini mbio hizo zilikuwa mkopo, na ardhi ilidai malipo yake upesi. Katika mchezo wa sakafuni farasi hali, hanywi, hauguzwi na inzi, na mchezaji akimpoteza humweka kando akaanza upya. Katika vita vya 1916 deni la farasi lililipwa na mtu asiyekuwa na sauti katika mpango wala sehemu katika ushindi. Anayetaka kupima ubora wa jemadari wa vita vile na aulize, pamoja na kilomita alizokwenda, ni nani aliyembebea chakula njiani.