Bububu: Jina Lililolitangulia Garimoshi

Muulize mwenyeji wa Unguja asili ya jina Bububu, na yamkini atakujibu kwamba limetokana na mlio wa garimoshi. Zamani, atasema, palikuwa na gari la moshi lililotoka mjini na kuishia huko, na kila lilipokaribia watu walisikia: bu-bu-bu, bu-bu-bu. Nimesimuliwa hivyo mara nyingi, na karibu kila msimulizi huuiga mlio huo kwa kinywa chake, mashavu yakijaa pumzi, kana kwamba alikuwapo.

Reli yenyewe si hadithi. Ilijengwa mwaka 1905 na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney. Urefu wake ulikuwa maili 7, na nafasi kati ya pau zake mbili ilikuwa futi 3 tu. Ilianzia Ngome Kongwe, ikapenya kati ya nyumba za mji, kisha ikaelekea kaskazini hadi Bububu. Mwaka 1911 ikatwaliwa na serikali. Motokaa zilipozidi barabarani, abiria wakapungua, na mwaka 1922 safari zao zikakomeshwa. Miaka yake ya mwisho reli hiyo ilibeba mawe ya kujazia ufuo kwa ajili ya ujenzi wa bandari. Kufikia mwaka 1930 ilikuwa imekwisha kazi. Leo anayekwenda Bububu hupanda daladala namba 502, na njiani haoni hata kipande cha chuma cha kumkumbusha.

Tena haikuwa reli ya kwanza kisiwani. Mwaka 1879 Sayyid Barghash alitandika reli kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani. Mwanzoni mabehewa yake yalivutwa na baghala, yaani nyumbu, na mwaka 1881 ikaletwa injini ya mvuke kutoka Uingereza. Barghash alipofariki mwaka 1888, reli yake nayo ikang'olewa.

Sasa tuirudie hadithi ya jina. Dada yake Barghash, Sayyida Salme, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anaeleza jinsi alivyopata kuishi Bububu, karibu na bahari, na anaitaja kwa jina hilohilo. Kitabu hicho kimelitangulia garimoshi la Bububu kwa miaka 19. Wala hatuwezi kuinusuru hadithi kwa kusema kwamba mlio ulikuwa wa injini ya Barghash, kwa maana Chukwani iko kusini mwa mji, na Bububu iko kaskazini. Basi jina lilikuwapo kwanza, na reli ikaja kulikuta.

Wapo wanaolihusisha jina hilo na maji, kwa kuwa Bububu ni mahali pa chemchemi, na ni huko ndiko Barghash alikovuta maji ya mfereji kwa ajili ya watu wa mjini. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa sana, maana kitenzi bubujika kimo sikioni mwake tayari. Maji na moshi, kila kimoja kina tanakali yake ya sauti, na zote mbili zinaingia katika jina moja bila kulichana.

Je, hadithi ya garimoshi tuitupe? Mimi nasema la. Tusiitumie kama ushahidi wa asili ya jina, lakini tuitunze kama ushahidi wa jambo jingine. Kuhusu reli hii tunazo picha, tarehe na vipimo, ila mlio wake hatuna. Aliyekuwa na umri wa miaka 5 safari za abiria zilipokoma, leo angekuwa amepita miaka 100. Masikio yaliyolisikia gari lile yamekwisha kuzikwa. Kilichosalia ni silabi tatu ambazo watu waliziazima kutoka katika jina la kijiji ili wauweke mlio usipotee. Wasingefanya hivyo kwa kitu wasichokipenda, au walau wasichokistaajabia.

Kiswahili kimehifadhi mengine pia, na hayo hayana mgogoro. Kabla pwani haijaona garimoshi, iliona merikebu ya moshi. Jina la chombo cha nchi kavu likafuata lile la chombo cha baharini: gari la moshi. Tazama tena neno mataruma. Kwa fundi wa vyombo, taruma ni mti unaotiwa ndani ya jahazi ili kulikaza. Reli ilipokuja, zile gogo zinazolala chini ya pau za chuma nazo zikaitwa mataruma. Aliyezipa jina hilo aliziona kama mbavu za chombo kilichokuwa bado kinaundwa ufukoni. Hakungoja neno la kigeni. Alikuwa nalo tayari mkononi, pamoja na shoka na tezo.

Ndugu washairi, hapa ndipo ninapohofia. Reli hung'olewa kwa siku chache, na chuma chake huuzwa. Maneno yake hufa polepole, pasipo mtu kutangaza msiba. Kijana wa leo analijua neno treni. Garimoshi analikuta katika kitabu cha shule, na taruma huenda asilikute popote. Likifa taruma, hatutakuwa tumepoteza jina la gogo tu, bali pia kumbukumbu ya jinsi waunda majahazi walivyoitazama reli na kuitambua.

Watoto wa wale waliolipanda gari la Bububu bado wapo, wachache, katika uzee wao. Tuwaendee na daftari. Tusiwaulize tarehe, kwa kuwa tarehe tunazo. Tuwaulize wazazi wao waliliitaje behewa, walimwitaje mtia kuni, na kengele yake ililiaje. Kila neno tuliandike kwa matamshi yao, pamoja na mtaa na mwaka wa kulisikia, hata likionekana dogo. Na wakituigizia mlio wa gari lenyewe, tuuandike nao.