BARUTI KATIKA NCHI ZA JOTO

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno moja tu, baruti, nalo liliwatosha. Ilikuwa unga mweusi wa shura, makaa na kiberiti. Katika sehemu 100, shura yenyewe ilikuwa kama 75. Mwenye gobore aliogopa mvua, wala hakuogopa jua, kwa kuwa unyevu uliiharibu baruti yake, lakini joto la mchana halikuibadili sana. Hata ilipokuja baruti isiyo na moshi, mambo yakageuka.

Baruti hiyo ilitengenezwa Ufaransa na Paul Vieille mwaka 1884. Mwaka 1889 wataalamu wa Uingereza, Abel na Dewar, walitoa ya kwao iitwayo kodaiti, yenye umbo la nyuzi. Nguvu yake ilipita sana ile nyeusi, wala haikuacha wingu mbele ya macho ya mpigaji. Ila ilikuwa na tabia yake: ikiwa imepata joto kabla ya kuwashwa, huwaka upesi zaidi, na hewa zake husukuma kwa nguvu zaidi. Basi kiasi cha bunduki kilichopimwa katika baridi ya Uingereza, kikilala juani Bara Hindi au katika nyika zetu, kilizidi nguvu aliyoikusudia fundi. Pengine ganda la shaba lilitanuka likakwama. Fikiri, msikilizaji: mtu amemjeruhi nyati, naye hawezi kulitoa ganda la kwanza ili atie kiasi cha pili!

Mafundi wa London walilijua jambo hili. John Rigby alipotoa kiasi chake cha .450 mwaka 1898, alitumia ganda refu sana. Na kile cha.416, cha mwaka 1911, kilikuwa na ganda nene lenye nafasi kubwa, ili hewa zisibanwe mno. Kwangu mimi hiyo ilikuwa busara kuliko kukimbilia kasi ya risasi tu.

Joto lina hila nyingine, ya polepole. Baruti ya namna hii ikikaa miaka mingi mahali pa joto huoza, ikatoa asidi, nayo asidi huzidi kuiozesha mpaka pengine ikajiwasha yenyewe. Katika bandari ya Toulon, Ufaransa, manowari Iéna ililipuka mwaka 1907, watu kama 120 wakafa. Mwaka 1911 ikalipuka Liberté, wakafa kama 300. Baruti iliyooza ndiyo iliyolaumiwa. Kwa hiyo watengenezaji hutia ndani yake dawa ya kunywa asidi hiyo.

Hapa kwetu vita vya mwaka 1914 vilionyesha tofauti ya baruti hizi mbili. Askari wengi wa Wadachi walikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, zenye baruti nyeusi, na kila walipopiga, moshi uliwaonyesha adui walipo. Mwezi wa Aprili 1915 merikebu Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki mpya na viasi vingi mno. Manowari ya Waingereza ikaipiga, nayo ikazama majini karibu na pwani. Wapiga mbizi wakaitoa shehena, lakini maji ya chumvi yalikuwa yameingia katika viasi. Ikawa kazi ya miezi: kuvifungua kimoja kimoja, kuitengeneza baruti, kubadili fataki zilizoharibika, kisha kuvifunga tena. Hata hivyo vingine vilikataa kulia. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliieleza kazi hiyo katika kumbukumbu zake, nami siijui kazi ya mkono iliyohitaji subira kuliko hiyo katika vita vile vyote.

Siku hizi wako wawindaji wanaojijazia viasi wenyewe, nao huweza kununua baruti iliyotengenezwa Mulwala, Australia, ambayo nguvu yake haibadiliki sana kati ya baridi na jua kali. Hata hiyo, mwenye kuitumia huanza na kipimo kidogo, akajaribu wakati wa joto lile lile atakalowinda nalo, na viasi vyake huvificha kivulini.