Jumba la Van Eetvelde na Mali ya Kongo

Nyumba namba 4 katika barabara ya Palmerston, Brussels, haihitaji kibao ili mtu aitambue. Uso wake ni wa chuma kilichoachwa wazi. Mwaka 1895 matajiri wa mji huo walizoea kukiona chuma cha namna hiyo kwenye vituo vya reli na viwandani, si kwenye makazi ya mtu mwenye cheo. Aliyeichora ni Victor Horta. Aliyemwagiza ni Edmond van Eetvelde, na kwake huyo ndiko habari za nyumba hii zinakotuhusu sisi wa Afrika Mashariki na Kongo.

Van Eetvelde alizaliwa 1852, akaingia utumishi wa kibalozi, akapelekwa Asia. Mwaka 1885, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipojitwalia Dola Huru ya Kongo, alimkabidhi mambo ya nje, na baadaye akampandisha kuwa katibu wa dola. Mfalme hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja. Nchi iliyoizidi Ubelgiji mara 70 na ushei iliendeshwa kwa barua na amri kutoka Brussels. Mojawapo, ya Septemba 1891, iliwataka maofisa wakusanye pembe za ndovu na mpira kwa ajili ya dola. Vijijini amri hiyo ilifika kwa kiboko, kwa mateka na kwa bunduki.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, naye aliwahi kula mshahara wa dola hiyohiyo. Mwaka 1887, mjini Zanzibar, alikubaliana na mpelelezi Henry Morton Stanley, wakala wa Leopold, awe wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa pauni 30 kwa mwezi. Urafiki haukudumu. Vita kati ya dola na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili vilipozuka 1892, majeshi ya dola yaliteka miji yao ya Nyangwe na Kasongo mwaka uliofuata, na biashara ya pembe iliyokuwa ikielekea pwani ya Bahari ya Hindi ikageuzwa kuelekea Atlantiki. Miaka miwili baadaye Horta akaanza kuchora jumba la katibu.

Na alichora kweli. Nyumba za Brussels ni nyembamba, zimebanana ukuta kwa ukuta, na chumba cha katikati huwa giza mchana kutwa. Horta alikitoboa kitovu hicho: akaweka ukumbi wa pembe nane, nguzo nyembamba za chuma, na juu yake kuba la vioo vya rangi linalomwaga mwanga hadi kwenye ngazi. Mgeni aliyekuja kuzungumza habari za Kongo alizunguka ule mwanga kabla ya kufika sebuleni. Mistari ya chuma inajikunja kama mitambaazi, na mwanahistoria Debora Silverman wa Marekani ameona humo mpira na mjeledi wa Kongo. Si wataalamu wote wanaokubaliana naye. Lakini hata asiyeuona mjeledi kwenye mistari hawezi kukana cheo cha mwenye nyumba.

Mwaka 1897 Van Eetvelde alisimamia maonyesho ya Kongo huko Tervuren, nje kidogo ya mji. Wakongomani 267 waliletwa, na baadhi yao wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Saba walifariki: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange.

Katibu alifariki 1925, akiwa baroni. Nyumba ikapita mikononi mwa wengine, baadaye ikawa ofisi za shirikisho la makampuni ya gesi. Mwaka 2000 UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia pamoja na kazi nyingine tatu za Horta. Mwaka huohuo Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako nyumba ya Tippu Tip ingali imesimama, nao uliorodheshwa. Zanzibar ilisajiliwa pia kwa sababu ya historia ya utumwa na kukomeshwa kwake. Majumba ya Horta yalisajiliwa kwa ubora wa sanaa na ujenzi wake. Mizani hiyo haiko sawa: Mswahili amepimwa kwa chanzo cha mali yake, Mbelgiji kwa uzuri wa ngazi zake.

Msomaji atakayefika Brussels asiishie kwenye kuba. Tramu namba 44 kutoka Montgomery humfikisha Tervuren, na makaburi ya wale saba yako kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane.